Koma si mahali pa kuvuta pumzi

"Weka koma pale unapovuta pumzi." Ushauri huo nilipewa kidato cha kwanza, mwaka ule tulipoacha masomo ya Kiswahili ya shule ya msingi tukaanza kufundishwa kwa Kiingereza. Nikaubeba hadi kwenye kazi yangu ya mapokezi, hotelini Bagamoyo. Mpaka leo unaniudhi.

Kila zamu ya usiku inaishia na ripoti ya Kiingereza. Moja ilirudi imejaa wino mwekundu: "The guest came at night, he wanted room with fan, I gave him room 12, the fan was not working, he was angry."

Nikaiandika upya kwa Kiswahili. "Mgeni alikuja usiku, akataka chumba chenye feni, nikampa namba 12, feni ikagoma, akakasirika." Hapo ndipo nilipong'amua. Ni ile -ka-! Kwetu inashona hata vitenzi kumi kwa koma tupu, na sentensi ikasomeka vizuri. Kiingereza hakina uzi huo. Kiima na kitenzi chake vikijitosheleza, weka nukta, au unganisha kwa and, but au so. Koma peke yake haina nguvu hiyo.

Nikanunua kauntabuku, elfu tatu au nne hivi, na kalamu mbili: buluu chini ya kiima, nyekundu chini ya kitenzi. Nikikuta jozi mbili zimetenganishwa na koma tupu, nazikata.

Nilikata hadi nikapitiliza. "He was angry. Because the fan was not working." Ikarudi tena. Dada wa zamu ya mchana akaniambia, "Kaka, hiyo ya pili hebu isome peke yake. Kwa sababu feni haifanyi kazi, halafu?" Kweli, kipande kinachoungwa kwa because, when au although kinaegemea sentensi nyingine. Tangu siku hiyo ripoti naisoma kuanzia sentensi ya mwisho nikipanda juu, moja moja. Inayoniacha nikiuliza "halafu?" naiunga na jirani yake. Jaribuni, inafichua mengi.

Ile s ya "he wants" nayo jedwali la darasani halikunisaidia. Nimeishika kwa kuiona kama a- ya "anataka" iliyohamia mkiani. Wakiwa wengi, "wanataka", haipo: they want. Ukikanusha, inachukuliwa na do: he does not want, kwa hiyo usiirudie. Na ni kwa wakati uliopo tu.

Wiki iliyopita bomba la bafuni lilipasuka saa nane usiku. Nikaandika kurasa mbili, zikarudi na sahihi tu. Sasa nahangaikia a na the, kwa sababu kwetu chumba ni chumba, na ile "room with fan" ilidai a mbili.