Bolti ya athi kwenye fremu za sola, usiokote yoyote tu

Watu wanachagua paneli kwa makini halafu kwenye athi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, wanafunga bolti yoyote iliyobaki kwenye boksi la vifaa, jamani! Fremu ni alumini, ukibana waya mtupu wa kopa moja kwa moja juu yake unyevu ukiingia tu alumini inaanza kuliwa, utaona unga mweupe pale kwenye tundu na athi inabaki jina. Weka kishikio cha kopa iliyopakwa bati, bolti na nati za stenlesi, na kama ni karibu na bahari tafuta stenlesi ya daraja la 316 maana ile ya 304 chumvi inaisumbua. Alafu ule utando mgumu wa juu ya fremu haupitishi umeme, kwa hiyo washa (kile kipete cha chini ya nati) yenye meno ni lazima, ing'ate mpaka kwenye alumini yenyewe. Zile bolti zilizopakwa zinki zinazong'aa mi sizitaki kabisa.