Kupatana bei ya gari lililotumika yadini: hesabu kwanza, maneno baadaye

Muuzaji wa yadi anapatana bei kila siku. Wewe unafanya hivyo mara moja kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kwa maneno matupu hutamweza. Bei hushuka pale hesabu uliyokuja nayo inapokuwa ngumu kuipinga, au pale hesabu yake mwenyewe inapomuuma. Kazi kubwa hufanyika kabla hamjaketi.

Anza na hesabu inayomuuma. Gari likifika yadini limeshakula pesa: bei aliyolinunulia, usafi, matengenezo, tangazo. Yadi nyingi huweka magari kwa fedha za mkopo, na kila siku gari linapolala pale riba inaendelea kutembea. Gari lililoingia wiki hii halishuki sana, maana mteja mwingine anaweza kuja kesho. Lililokaa siku 60 au 90 ndilo lenye nafasi. Tafuta tarehe ya tangazo lake la kwanza mtandaoni. Usipoipata, gari lenyewe litasema: diski za breki zenye kutu, tairi zilizopungua upepo, betri inayoomba kustuliwa, majani makavu yaliyojikusanya chini ya wipa. Siku za mwisho wa mwezi pia husaidia pale ambapo muuzaji ana lengo la mauzo la kutimiza.

Kisha bei ya soko. Kusanya matangazo 8 hadi 10 ya gari lile lile: mwaka ule ule, injini ile ile, aina ile ile ya gia, na kilomita zisizopishana zaidi ya 20,000 hivi. Panga bei kuanzia ya chini hadi ya juu, uchukue ya katikati. Usishikilie ile ya chini kabisa kama silaha, kwa sababu mara nyingi gari hilo lina kasoro na muuzaji anajua. Kumbuka pia kwamba bei ya tangazo ni bei ya kuombea tu. Gari huuzwa chini ya hapo.

Ukaguzi ndio unaozaa punguzo, na hapa usiwe na haraka. Omba gari lisiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti: ikiwa ya moto, injini imepashwa joto makusudi au kwa bahati, na hutasikia kelele za kuwasha ikiwa baridi. Ahirisha au subiri ipoe. Ikiwashwa, tazama bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, mweupe mzito usiokoma na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe. Utelezi wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu wa safari fupi tu, lakini ukiambatana na maji ya rejeta kupungua, shuku hedi gasketi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Hilo si la kuombea punguzo. Ondoka.

Tairi zinasema umri wake. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri (yale meno yanayokanyaga barabara) lakini umri wa miaka 7 au 8 bado ni gharama inayokuja karibuni. Kashata iliyofika milimita 1.6 imekwisha kisheria katika nchi nyingi. Iliyolika upande mmoja inakuelekeza kwenye mpangilio wa magurudumu, bushi au ajali ya zamani. Breki pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12. Ikibaki 3, ibadilishwe. Kama injini hutumia mkanda wa taimingi na si mnyororo, ulizia risiti ya mkanda uliopo sasa. Watengenezaji wengi huagiza ubadilishwe kati ya kilomita 60,000 na 160,000 kutegemea injini, na kwa kawaida pampu ya maji hubadilishwa pamoja nao, kwa kuwa ufundi ni ule ule. Pasipo risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Katika injini nyingi mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na injini huharibika.

Unene wa rangi ya kiwandani kwa kawaida hauzidi sana maikroni 180 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipimo cha unene wa rangi kikionyesha 500 kwenye mlango mmoja, kuna puti chini yake. Kuhusu kilomita, linganisha namba ya dashibodi na pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva: mpira wa pedali uliolika hadi chuma hauendani na kilomita 60,000. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikiwa haina kosa hata moja lakini inaonyesha kwamba vipimo vya ndani havijakamilika, kuna uwezekano makosa yamefutwa hivi karibuni au betri ilitolewa. Kagua pia reli za viti na chini ya zulia, maana kutu na tope mahali hapo ni dalili ya gari lililozama majini. Hesabu funguo. Ufunguo wa pili wenye chipu ni ghali kuliko watu wanavyodhani. Mwisho mlipe fundi wako, asiyejuana na yadi, alinyanyue alitazame chini. Yadi ikikataa hilo, umeshapata jibu.

Sasa zigeuze kasoro ziwe pesa, kwa bei za vipuri na ufundi ulizoulizia mwenyewe. Tuchukue namba tupu, za fedha yoyote. Bei ya katikati sokoni ni 10,000. Yadi inaomba 10,400. Tairi 4 ni 320, mkanda na pampu 380, breki za mbele 150. Jumla 850. Thamani ya gari hilo kwako ni 9,150. Andika kwenye karatasi dari yako, yaani bei ya juu kabisa utakayolipa, juu kidogo ya hapo, tuseme 9,300, na uanze na 8,700.

Sema kwa utulivu: “Kaka, gari nimelipenda. Yanayofanana nalo yako kwenye 10,000, na hili linahitaji kazi ya 850 kabla sijasafiri nalo. Nina 8,700, tunamaliza leo.” Kisha nyamaza. Watu wengi huharibu hapa: ukimya unawatisha, wanaongeza dau wenyewe kabla hawajajibiwa. Ukipanda, hatua zako zizidi kuwa fupi: 8,700, kisha 9,000, kisha 9,120, kisha 9,170. Ukipanda kwa 300 kila mara, umemfundisha kwamba 300 nyingine ipo. Jihadhari na “tugawane nusu”. Wewe uko 9,000, yeye 10,000, nusu ni 9,500, nayo imeshavuka dari yako. Mjibu kwa namba, uache ule usawa wa maneno upite.

Baadhi ya yadi hazishushi bei kabisa, na huwa wanasema kweli. Hapo omba vitu: tairi mpya, sevisi kamili, ufunguo wa pili, dhamana ya miezi zaidi. Kwao vinagharimu kidogo kuliko ungevinunua wewe.

Swali la “unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?” usilijibu hadi bei ya gari ifungwe. Mkopo wa 10,000 kwa riba ya 12% kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio ni takribani 332 kwa mwezi kwa miezi 36, jumla 11,957. Ukivutwa hadi miezi 60, unashuka kuwa 222, inapendeza, ila jumla inakuwa karibu 13,347. Na 12% ikihesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo bila kujali umelipa kiasi gani, kwa miezi 36 utarudisha 13,600, sawa na riba ya zaidi ya 21% kwenye salio. Uliza ni ipi kati ya hizo mbili. Gari lako la zamani, kama unataka walichukue, lipatanieni peke yake baadaye. Vikichanganywa, punguzo la huku hurudishwa kule.

Dai bei moja ya kutoka getini: gari, uhamisho wa umiliki, ada za karatasi, kila kitu. Ulinzi wa rangi na dhamana za nyongeza ni vya kukataa au kupatania kivyake. Linganisha namba ya chasi kwenye gari na kwenye kadi, na uhakikishe kwa mamlaka ya usajili kwamba gari hilo halijawekwa dhamana ya deni. Kishika uchumba, yaani malipo ya awali ili gari lisiuzwe kwa mwingine, kitolewe kwa risiti inayosema kinarudishwa ukaguzi ukifeli au mkopo ukikataliwa. Matengenezo waliyoahidi yaandikwe kwenye mkataba kwa jina la kipuri na tarehe, na siku ya kuchukua gari usome tena zile tarakimu 4 za kila tairi, pamoja na ya akiba.