Mafia, tukiwa tumestaafu

Jamani, mimi na mzee wangu tumeogelea na papa potwe!

Miaka yote ya kazi, likizo yetu ilikuwa kwenda kijijini kusalimia wazazi, na fedha iliyobaki ni ada za watoto. Sasa watoto wanajitegemea. Tukapanda boti Nyamisati kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, na kufikia nyumba ya wageni ya mama mmoja, ambaye kila jioni alitupikia pweza wa nazi. Mzee akaongezewa mara mbili.

Papa potwe huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, lakini chakula chake ni vidogo kama uduvi, anavichuja kwa kupitisha maji kinywani. Nahodha, kijana wa palepale aliyekua akivua na baba yake, alituvalisha maboya na miwani ya maji, akatuonya tusimguse wala kumzibia njia. "Mama, shuka taratibu, nimekushika."

Nilishuka. Papa akapita chini yangu, mgongo mzima madoadoa meupe, na hauishi! Mzee alinishika mkono humo majini, jambo ambalo hadharani hajawahi kulifanya tangu tuoane. Nililia ndani ya miwani.

Wazee wenzangu, kama magoti bado yanawabeba, nendeni. Mtafuteni nahodha mwenyeji, kwa sababu anaijua bahari yake na fedha inabaki kisiwani. Sisi tunaulizia Kilwa Kisiwani sasa.