Umrao Jaan mbili, daftari moja: mradi ulipofikia

Kwa mlionipigia kuuliza, mradi wangu wa kulinganisha filamu mbili za India ziitwazo Umrao Jaan haujafa. Nimemaliza kuipitia Umrao Jaan ya J. P. Dutta, ile ya 2006 ya Aishwarya Rai, na sasa naweza kuilinganisha sawasawa na ya Muzaffar Ali ya 1981, ambayo Umrao ni Rekha. Utaratibu ni ule ule: ukurasa wa kushoto filamu ya zamani, wa kulia mpya, tukio kwa tukio, rimoti mkononi.

Kwa asiyekijua kisa, kimetoka kwenye riwaya ya Kiurdu ya Mirza Hadi Ruswa ya 1899. Binti aitwaye Amiran anaibwa Faizabad na Dilawar Khan, mtu mwenye kinyongo na baba yake, kisha anauzwa Lucknow kwa Khanum, mwenye nyumba ya matawaifu, wanawake walioburudisha matajiri kwa nyimbo, ngoma na mashairi. Humo anapewa jina la Umrao Jaan, anafundishwa kusoma, kuimba, kucheza kathak, ngoma ya jadi ya kaskazini mwa India, na kutunga mashairi, mpaka mabwana wa mji wanagombea kukaa mbele yake. Halafu linakuja penzi la Nawab Sultan, anakuja Faiz Ali ambaye kumbe ni jambazi, na uasi wa 1857 dhidi ya Waingereza unaivuruga Lucknow nzima.

Nimeanza na ninalomsifia Dutta. Amemrudisha Ruswa mwenyewe ndani ya filamu, akimsikiliza Umrao akisimulia maisha yake. Riwaya ndivyo ilivyojengwa, na Muzaffar Ali alilipita hilo. Ila kwenye riwaya wale wawili wanataniana, wanarushiana beti, na Umrao ana ulimi. Anawacheka wanaume waliomlipa, anajicheka na yeye. Kwa Dutta mazungumzo yale yamegeuka kilio. Filamu inakwenda takriban saa tatu, na kila nikiandika kwenye ukurasa wa kulia najikuta nimeandika "analia" tena. Umrao mtunzi wa mashairi nimemtafuta, nampata kwa vipande tu. Tawaifu wa Lucknow alikuwa fundi wa kazi yake, na filamu isiyoonyesha ufundi huo inabaki na msichana aliyeonewa basi.

Nyimbo ndizo zilizonichukua muda mrefu. Ya 1981 muziki ni wa Khayyam, mashairi ya Shahryar, sauti ya Asha Bhosle. Khayyam alimshusha Asha chini ya kiwango alichozoea kuimbia, na ukiisikiliza "Dil Cheez Kya Hai" ukilijua hilo, unaelewa kwa nini inasikika kama mtu anayekuambia jambo karibu na sikio. Nimejaribu kuifuata kwa kinanda. Mkono wangu ulikuwa unakimbilia juu kila mara, wimbo unanikatalia. Rekha naye hahangaiki. Amekaa, mkono unainuka taratibu, shingo inageuka kidogo, na macho yanamaliza kazi iliyobaki. Rekha, Asha na Khayyam wote watatu walipata Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India kwa kazi hii, na sina ugomvi na waamuzi.

Ya 2006 ni Anu Malik, Javed Akhtar na Alka Yagnik. Nyimbo si mbaya hata kidogo. "Salaam" ni nzuri, na kwa kucheza Aishwarya anampita Rekha, mizunguko yake ni safi. Lakini nikizima sauti nikaangalia picha tupu, namwona mchezaji hodari. Nikifanya hivyo kwa Rekha, bado kuna mtu pale ninayetaka kujua anawaza nini. Shangazi, ambaye Kihindi chake chote amekipata kwenye sinema, aliingia wakati wa "Dil Cheez" akaimba beti zima amesimama mlangoni. Ilipofika zamu ya "Salaam" akatazama kidogo, akasema, "Mwanangu, huyu mzuri, lakini hajanishika," akaenda zake jikoni.

Ukurasa mmoja nimeupa Khanum peke yake. Mwaka 1981 aliigiza Shaukat Kaifi, na mwaka 2006 nafasi hiyo hiyo akapewa binti yake, Shabana Azmi. Kama una muda wa kutazama kitu kimoja tu kwenye filamu ya Dutta, mtazame Shabana. Akiingia yeye, nyumba ile inakuwa mahali pa biashara, penye mwenyewe, penye hesabu. Mama yake ana upole unaokudanganya. Shabana hakudanganyi, ana bei na unaiona. Hapo ndipo filamu ya kurudia ilipopata sababu ya kuwapo.

Bado tukio la kurudi Faizabad, pale Umrao anapofika nyumbani na kaka yake hamtaki. Sitaki kuliandika kabla sijaisoma upya riwaya kwa tafsiri ya Kiingereza ya Khushwant Singh na M. A. Husaini, nione Ruswa alilibeba vipi. Kuna pia filamu ya Pakistani ya 1972, Rani akiwa Umrao. Hiyo nitaitafutia nakala inayoonekana vizuri, na daftari itabidi niligawe upya, maana kurasa mbili hazitatosha filamu tatu.