Paka wangu wawili na mkojo ndani ya nyumba: nilivyofanya hapa Ujiji

Nyumba yenye dagaa haikai bila paka. Mimi nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi, nawaleta nyumbani, nawaanika tena kidogo na kuwafunga kwenye viroba vya kusafirisha. Ukikosa paka, panya wanatoboa viroba usiku kucha. Ndiyo maana majirani waliponishauri niwatie paka wangu kwenye gunia nikawatupe Bangwe, sikukubali. Tena nawapenda.

Lakini mkojo ulitushinda. Kwenye pazia, kwenye viroba, kwenye godoro la watoto, mpaka kwenye mswala wa mama mkwe. Paka mwenyewe si najisi, hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, na paka aliyekunywa maji yake ya udhu tumesomeshwa tangu madrasa. Mkojo wake ni najisi, na mswala ukishapata mkojo huswalii juu yake mpaka uoshwe. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hawa wana kinyongo na wewe."

Nikaenda kumuona bwana mifugo. Kabla hajauliza chochote kingine akaniuliza, "Mama, wanakojoa wamesimama au wamechuchumaa?" Swali hilo ndilo lililoniokoa, na kama una shida hii anza nalo. Kaa uangalie.

Dume langu, Simba, alikuwa anasimama. Anaunusa mlango, anaugeuzia mgongo, mkia unanyooka juu na ncha yake inatetemeka, miguu ya nyuma inakanyagakanyaga, halafu unatoka mchirizi mwembamba unaopiga ubao usawa wa goti la mtoto. Huko si kubanwa na haja. Anaweka alama ya mpaka, na anaweka zaidi mlangoni na dirishani kwa sababu huko ndiko anakonusa madume ya nje. Kwetu yalikuwa yanakuja kila usiku kufuata harufu ya dagaa. Jike, Chiku, yeye alikuwa anachuchumaa, anatoa matone machache, anahama kona, anachuchumaa tena huku analia. Shida mbili tofauti kabisa, nami nilikuwa naziita jina moja.

Simba alihasiwa. Madume yapatayo 9 kati ya 10 hupunguza sana au huacha kabisa baada ya kuhasiwa, na ukimhasi mapema, akiwa na miezi mitano au sita kabla hajazoea, ni bora zaidi. Usitarajie aache siku ileile, homoni zinachukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: uliza kwanza kama atachomwa sindano ya usingizi. Wapo wanaomtia paka kichwa ndani ya kiroba na kukata kwa wembe akiwa macho. Ni ukatili, na kidonda kinaoza. Mafundi wengi wa mifugo huku wamezoea ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo tafuta anayejua paka hata kama utasubiri.

Madume ya nje nayo nikayakatia sababu ya kuja. Vichwa na matumbo ya samaki havilali tena uani, na kioo cha chini cha dirisha nimekiziba ili Simba asiwaone.

Chiku alikuwa mgonjwa wa kibofu. Alipewa dawa, ila lililomsaidia zaidi, kwa ninavyoona, ni maji. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Uarabuni, hana kiu kubwa, mwili wake umezoea kupata maji ndani ya nyama anayokula. Sasa ukimlisha dagaa wakavu tu kila siku, mkojo unakuwa mzito na kibofu kinamuunguza. Siku hizi nawaloweka dagaa, nawachemsha bila chumvi, nampa na mchuzi wake mwingi. Jirani mmoja mwenye nia njema aliniletea paracetamol nimpe ya maumivu. Nilimrudishia. Paracetamol inaua paka, hata kipande.

Choo chao ni mabeseni mapana yenye mchanga wa ziwani. Kanuni niliyopewa ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada, kwa hiyo ninayo matatu, mbali na chakula chao. Uchafu unatolewa kila asubuhi. Beseni likiwa chafu paka anatafuta pengine, na pengine ni godoro. Mwenye mimba asilisafishe, kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea vya toksoplazima.

Harufu ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Unaosha, inakwisha, mvua za masika zikianza inarudi kama vile wamekojoa jana. Sababu ni chumvichumvi za asidi ya yuriki zinazobaki kwenye nyuzi na kwenye saruji. Zikipata unyevu zinaamka. Jiki usiitumie hapo. Ikikutana na mkojo inatoa hewa ya sumu inayokaba kifua. Mimi nanyonya mkojo kwa kitambaa nikikandamiza bila kusugua, namwaga maji ya baridi, kisha nalowesha kwa sabuni ya unga ile iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ina vimeng'enya (enzymes), naiacha muda mrefu ifanye kazi, nasuuza kwa maji mengi, naanika juani. Godoro la watoto lilihitaji kurudiwa. Mswala ulitakata.

Chiku ugonjwa bado humrudia, hasa nyumba ikijaa wageni, maana wasiwasi nao huchokoza kibofu. Namtenga chumba cha ndani na beseni lake na mchuzi, anatulia. Simba simwondolei macho kwa jambo lingine: njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na huziba. Ukiona dume lako linajikamua na hakuna kinachotoka, limekataa kula, linatapika, mpeleke saa hiyohiyo. Ikifika siku ya pili au ya tatu hivyo, anakufa.