Anza na kitabu kinachokutosha

Wengi wanaosema hawapendi kusoma walianza na kitabu kilichowazidi kimo. Kabla hujaanza, fungua ukurasa wowote wa katikati, usome wote, ukikunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole 5 vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kirudishe kwenye rafu. Hicho si cha sasa. Kamusi nayo ikae mbali: ukisimama kila mstari, unafika mwisho wa sentensi umeshasahau mwanzo wake. Pigia neno mstari kwa penseli, endelea, maana yake utaitafuta baadaye. Dakika 10 kwa siku zinatosha kabisa, simu ikiwa chumba kingine. Na kitabu kikikuchosha hadi ukurasa wa 30, kiache bila aibu, uchukue kingine siku hiyohiyo.