Mapenzi Yako Yatimizwe

Somo la wiki: Yohana 21:1–19, pamoja na Mathayo 6:10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano iliyopita, katika darasa la kipaimara, kijana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono tukiwa katikati ya Sala ya Bwana. Akauliza, na uso wake haukuwa na mzaha: "Mama, kila siku mnatuambia tukae mbali na mapenzi mpaka tuoe. Halafu hapa tunaomba mapenzi yatimizwe. Ni yaleyale?"

Wenzake walicheka mpaka benchi la nyuma likayumba. Mimi nikamjibu harakaharaka kwamba hapo mapenzi maana yake ni matakwa, tukaingia mstari unaofuata. Jibu halikuwa la uongo. Lakini nilipofika nyumbani liliniuma, kwa sababu mtoto alikuwa amegonga mlango wa kweli na mimi nikamfungia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitegea sikio neno hili linavyopita midomoni mwetu hapa Kigoma. Sokoni Mwanga mteja ananiambia, "Napenda dagaa wako, hawana mchanga." Namjibu, "Ukipenda nikuongeze kopo la pili." Jirani anamsema mpangaji wake: "Apende asipende, kodi atalipa." Redio ya kinyozi inaimba mahaba kutwa nzima. Msibani tunamlilia mpendwa wetu. Na mtu akiokoka, hata majirani wasiosali huanza kumwita hivyohivyo: "Yule siku hizi ni mpendwa." Dagaa, kodi, wimbo, marehemu, mlokole, wote wamebebwa na kitenzi kimoja, na hakuna anayechanganyikiwa.

Tena neno hilo ukiliongezea mkia mdogo tu, linageuka. Kupenda, kupendelea. Yakobo alilijua jambo hilo alipoandika kwamba imani ya Bwana wetu Yesu Kristo tusiwe nayo kwa kupendelea watu, akamtaja mwenye pete ya dhahabu anayeonyeshwa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame kule. Tuseme ukweli wapendwa, viti vya mbele vya makanisa yetu vinajulikana ni vya nani. Hilo nalo ni pendo, lakini limepinda.

Wengi wetu tumefundishwa kwenye semina kwamba Wagiriki walikuwa na maneno manne: eros wa wapenzi, storge wa wazazi na watoto, filia wa marafiki, na agape wa Mungu. Nami nimeyafundisha hayo kwa miaka, nikiyapanga ubaoni kama ngazi, agape juu kabisa. Siku hizi siyapangi tena hivyo. Neno eros halimo kabisa katika Agano Jipya, hilo ni kweli. Lakini agape si neno takatifu kwa asili yake. Katika Agano la Kale la Kigiriki, lile lililosomwa na Wakristo wa kwanza, kitenzi cha agape ndicho kilichotumika kwa Amnoni alipomtamani Tamari, yule aliyemfanyia ukatili dada yake kisha akamchukia na kumfukuza. Paulo anapoandika kwamba Dema alimwacha kwa kuupenda ulimwengu huu wa sasa, kitenzi ni hichohicho. Na Yohana anaposema Baba ampenda Mwana, sura ya 3 anatumia kitenzi cha agape, sura ya 5 cha filia. Maana yake upendo wa Baba haukupungua kati ya sura hizo mbili.

Kwa hiyo neno halimtakasi mtu. Unaweza kuwa na neno zuri kabisa mdomoni na mkono wako ukafanya kazi ya Amnoni.

Ndipo nikarudi Yohana 21. Anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika hahitaji kuelezwa asubuhi ile. Umeshuka mwaloni Kibirizi alfajiri, mitumbwi inaingia na taa zimeshazimwa, wanaume macho mekundu, na kabla hujauliza bei unajua kwa jinsi wanavyoshuka kama usiku umetoa kitu au haukutoa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tulijifunza nyavu kavu zinafanya nini ndani ya nyumba. Petro na wenzake walikesha bure. Kisha yuko mtu ufukweni, nyavu zinajaa, samaki 153, na Yohana anasema ni Bwana. Petro anajifunga vazi lake, anajitupa majini.

Anapofika anakuta moto wa makaa. Naomba tusimame hapo kidogo. Moto wa makaa unatajwa mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na mara zote mbili ni kwa Yohana. Mara ya kwanza ni ule wa sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto na kukana, akisema, "Si mimi." Sasa anatoka majini analowa, na harufu inayompokea ni ileile. Wala Bwana hamkumbushi kwa maneno. Anasema, "Njoni mfungue kinywa." Aliyemkana anapewa mkate na samaki kwanza, maswali yanakuja watu wakiisha kula.

"Simoni wa Yohana, wanipenda?" Mara tatu. Kwa Kigiriki mara mbili za kwanza Yesu anatumia kitenzi cha agape na Petro anajibu kwa cha filia. Mara ya tatu Yesu naye anatumia cha filia. Wapo wanaosema Bwana alishuka ngazi kumfuata Petro alipo. Ni wazo tamu, lakini kwa sababu nilizosema juu ya Yohana na vitenzi vyake, mimi siliegemei. Biblia yetu imeandika kupenda mara zote, na sioni tumepoteza kitu. Uzito uko kwenye yanayofuata kila jibu: lisha, chunga, lisha. Hakuulizwa anajisikiaje.

Halafu unakuja mstari wa 18, ambao kwa miaka mingi nilikuwa naupita mbio kwa sababu niliambiwa ni wa kifo cha Petro, na kweli Yohana mwenyewe anasema hivyo. "Ulipokuwa kijana, ulikuwa ukijifunga mwenyewe na kwenda utakako, lakini utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka." Ndiyo kwanza tumemwona Petro, mistari kumi na moja tu nyuma, akijifunga mwenyewe na kwenda anakotaka. Bwana aliliona lile vazi. Ameuliza habari ya kupenda mara tatu, anamalizia na habari ya kutaka.

Huo mstari mimi niliuishi kabla sijauelewa.

Mama mkwe wangu aliletwa kwetu Mwanga kutoka kijijini Kasulu baada ya kupata kiharusi. Alikaa nasi miaka mitatu, mpaka Bwana alipomchukua. Hakuwa amenitaka. Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo, nimelelewa Moravian. Yeye Muha, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, na alikuwa ameshamwonea mwanawe msichana wa kijijini. Harusini hakunishika mkono. Na sasa nilikuwa ndiye wa kumwogesha.

Kila asubuhi nachemsha maji, namketisha, namwogesha, halafu namwambia, "Mama, nyoosha mikono." Ule wa kulia ananyoosha mwenyewe, wa kushoto nauinua mimi. Napitisha kanga chini ya makwapa, nafunga fundo kifuani, si kwa kubana sana maana alikuwa akilalamika, si kwa kulegeza maana ingedondoka. Mchana namchambulia mgebuka miiba, mmoja mmoja, nikipapasa mnofu kwa vidole kwa sababu macho hayaoni yote. Na moyoni hakukuwa na kitu. Nawaambia kweli mbele za Mungu. Nilikuwa naomba usiku, Bwana nipe upendo kwa huyu mama, nikingojea kitu kama joto kishuke kifuani. Hakikushuka. Asubuhi ilishuka tu, na maji yakahitaji kuchemshwa.

Nilijiona mnafiki. Mikono inafanya, moyo umekaa pembeni. Laiti mtu angenionyesha wakati ule kwamba Kiswahili chenyewe kinajua jambo hili. Warundi ninaofanya nao biashara husema gukunda kwa kupenda na kugomba kwa kutaka, maneno mawili mbalimbali. Hata Kigiriki cha Sala ya Bwana pale kina thelema, neno la kutaka tu, halina upendo ndani yake. Sisi tuna shina moja. Upepo huvuma upendako. Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi. Mapenzi yako yatimizwe. Yesu akamkazia macho yule tajiri, akampenda. Mzee anayesema "Mungu akipenda" akiahirisha safari, na bibi harusi anayesema "nakupenda", wamechota kisima kimoja. Kwa hiyo nilipokuwa nataka yule mama aamke msafi, ale bila kukwamwa na mwiba, alale pakavu, nilikuwa tayari ndani ya neno. Nilikuwa nikingojea nje ya nyumba niliyokuwa nimeshaingia.

Hapa lazima niseme jambo, kwa sababu najua nani wanasoma. Dada anayepigwa nyumbani asitumiwe tafakari hii kuambiwa arudi akavumilie. Paulo anayesema upendo huvumilia yote ndiye aliyetangulia kusema haufurahii udhalimu. Kumtakia mema anayekuumiza kunaweza kuwa ni kumfungulia kesi, na kulala kwa shangazi yako salama ukiwa na watoto wako. Tumewazika wengine kwa mahubiri ya uvumilivu, Mungu atusamehe.

Wala upendo haumaanishi kujifanya huna matakwa yako. Gethsemane Bwana hakusema anakipenda kikombe. Alisema kiondolewe. "Walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Alikuwa na mapenzi yake, akayataja waziwazi kwa Baba, kisha akayaweka mikononi mwake. Mimi kwa miaka miwili ya kwanza sikumwambia Mungu kwamba sitaki kumwogesha yule mama. Niliona ni dhambi kusema. Siku nilipomwambia, nikiwa nimepiga magoti kando ya beseni mlango umefungwa, nililia sana, na kesho yake maji yalikuwa mepesi kidogo kubeba.

Mwaka wa mwisho mama alikuwa hasemi tena ila neno moja moja. Siku za gulio nilikuwa nachelewa sokoni, watoto ndio wanampa chakula cha jioni. Jioni moja nikaingia nikakuta sahani yake imefunikwa, ugali umepoa. Nikamgombeza binti yangu. Akanijibu, "Mama, si sisi. Bibi kila siku hataki kula mpaka asikie komeo la mlango. Ukishaingia ndiyo anafungua mdomo."

Kila siku, na mimi sikujua. Yule mama aliyekuwa amebakiwa na kutaka kwa namna mbili tatu tu, kumeza au kutomeza, alikuwa anatumia kutaka huko kuningoja mimi. Hakuwahi kuniambia ananipenda. Wa kizazi chake hawasemi hivyo hata kwa watoto wao wa kuwazaa. Niliupasha moto ule ugali, nikakaa kwenye kigoda, nikamchambulia samaki.

Tunaposali nyumbani jioni, mume wangu mpaka leo husema Sala ya Bwana ya utotoni mwake: "Utakalo lifanyike duniani kama mbinguni." Mimi husema, "Mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni." Huwa tunagongana hapo, mmoja anamsubiri mwenzake, kisha tunakutana tena kwenye mkate wetu wa kila siku. Zamani nilitaka tukubaliane tutumie ipi. Sasa napasubiri pale pa kugongana.

Wiki hii tusome sura yote ya 21 ya Yohana, kwa sauti kama nyumbani kuna asiyejua kusoma. Mwenye mgonjwa au mzee amsomee akiwa amemkalia karibu.

Na Jumatano nikiingia darasani, yule kijana nitamwomba radhi kwanza mbele ya wenzake. Kisha nitampa Biblia asome mwenyewe mstari wa 18, polepole, na nitamuuliza nyumbani kwao nani ananyoosha mikono asubuhi, na ni nani anayemfunga.